Daftari la Wageni

Mume wangu alifariki mwaka 2019 akatuachia fleti ya vyumba viwili Bamburi, watoto watatu, na mkopo wa Sacco ambao haukuwa umelipwa hata nusu. Sisi wenyewe tulikuwa tukikaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya ukoo wake, pamoja na mama yake. Fleti ilikuwa na mpangaji wa mwezi kwa mwezi, kijana aliyefanya kazi hotelini, na kodi yake haikufikia marejesho ya mkopo. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na wenye kudai wakastahi kubisha hodi. Eda ilipokwisha, walibisha.

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya wanawake walioachiwa nyumba au chumba, na ambao kila anayepita huwaambia, "Si uifanye Airbnb tu, pesa zije." Pesa zipo, sikatai. Nyumba hii imewasomesha wanangu. Lakini kabla ya kuzifikia kuna milango mingi ya serikali na ya watu, na mjane asiyeijua anaweza kuipoteza nyumba yenyewe akiwa bado anatafuta pa kupigiwa mhuri.

Mlango wa kwanza haukuwa wa kaunti wala wa utalii. Ulikuwa wa mirathi. Kila ofisi niliyokwenda baadaye iliniuliza jambo lilelile: nyumba ni ya nani? Hati ilikuwa na jina la marehemu. Sisi Waislamu wa Kenya mambo hayo tunayapeleka kwa kadhi, naye alitugawia kama sheria ilivyo: mimi, mke mwenye watoto, thumni, mama wa marehemu, sudusi, kilichobaki kikawa cha watoto, mvulana mafungu mawili na kila binti fungu moja. Shemeji yangu mkubwa alitaka nyumba iuzwe. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema deni la maiti hutangulia mirathi, na hapo alikuwa na haki. Hata kadhi alimuunga mkono. Tofauti yetu ilikuwa njia ya kulilipa. Mama mkwe alisubiri wanaume wamalize, kisha akasema, "Fungu langu naliacha humo humo. Mkaza mwanangu aitumie nyumba, ilipe deni la mwanangu, na mayatima wale." Akatia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Sacco ikakubali kusubiri, na kadhi akaniweka mwangalizi wa mali ya watoto.

Karatasi ile ndiyo iliyonifungulia kila kitu. Nimewaona wanawake wakinunua vitanda na mashuka, wakapiga rangi, wakapata wageni, halafu ndugu mmoja wa marehemu akaenda ofisini kusema hakuulizwa, na kibali kikasimama. Mwenye kufiwa asianze na godoro. Aanze na sahihi za warithi, zote, hata ya yule aliyeko Muscat asiyepiga simu.

Kisha ikaja Korona. Tarehe 8 Aprili 2020 kaunti ya Mombasa ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wetu ukafungwa ndani ya kufungwa huko. Hoteli zililala. Mpangaji wangu alifutwa kazi, akaondoka na malimbikizo ya kodi ambayo sikuwa na moyo wa kumdai, kwa sababu nilijua hana. Tuliishi kwa mahamri ya mama mkwe na kwa shemeji yuleyule aliyetaka nyumba iuzwe, ambaye kila Ijumaa alileta unga na mafuta bila kusema neno.

Julai walipofungua njia, na treni ya SGR ikaanza tena kuleta watu kutoka Nairobi, wifi yangu alipendekeza tusitafute mpangaji wa mwezi. Yeye ndiye mwenye kuelewa simu. Alipiga picha, akaandika maelezo, mimi nikashona mapazia. Nikalipia kibali cha biashara cha kaunti, kile cha kila mwaka, nikakitundika ukutani. Wageni wetu walikuwa familia: watu wa Nakuru na Thika waliokuja kuwaonyesha watoto bahari Agosti na Desemba, mafundi wa kampuni waliotumwa Mombasa kwa juma moja, bibi na babu waliokuja harusini. Deni lilianza kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nililala usiku mzima.

Januari 2024 ikaja na misiba miwili Nairobi. Mwanamke mmoja aliuawa katika fleti ya kukodisha kwa siku huko South B. Siku chache baadaye binti wa chuo kikuu akauawa katika fleti nyingine, Roysambu, kwa namna ambayo kalamu yangu haiwezi kuifuata. Mimi nina binti wa umri wake. Tarehe 27 mwezi huo wanawake waliandamana kupinga mauaji ya wanawake, na binti yangu alikuwa miongoni mwao, sikumzuia. Wizara ya Utalii nayo ilitoa agizo: kila anayekodisha nyumba kwa siku ajiandikishe na awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ile tunayoiita TRA, ambayo imewekwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Sheria ilikuwepo siku zote. Ila ilikuwa ikisomwa kama sheria ya mahoteli, na watu wa fleti moja moja kama mimi hakuna aliyewahi kututazama kama hoteli. Kibali cha kaunti ndicho tulichoambiwa tuwe nacho, nasi tulikuwa nacho.

Kabla sijafika TRA, jengo lenyewe lilinifungia. Wakazi walikutana kwenye kundi lao la WhatsApp usiku, na asubuhi tangazo likabandikwa langoni: wageni wa siku hawaingii. Siku hiyohiyo familia moja ilikuwa ndani ya treni inakuja kwangu. Walifika Bamburi usiku na watoto wamelala mabegani, na mlinzi akakataa kufungua, kama alivyoagizwa. Niliwachukua nikawalaza nyumbani kwetu Mji wa Kale, mama mkwe akawatandikia sebuleni. Asubuhi niliwarudishia pesa zao zote, na za wale wa wiki zilizofuata pia. Barua ya Sacco ilikuja mwisho wa mwezi.

Nilikuwa na hasira, na hasira ile ingenipeleka mahakamani kama nisingeketi kwanza na wale watu. Mkutano wa wakazi ulifanyika uani, viti vya plastiki, na mimi nikasimama kwenye joto la saa kumi jioni kueleza. Mwalimu mmoja alikuja na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 mkononi. Akasema nyumba ya kukaa ikigeuzwa ya biashara lazima kaunti itoe ruhusa ya kubadilisha matumizi, nasi hatujaonyeshwa. Lilikuwa neno la haki, nikaliandika. Lakini aliyenigusa ni mzee mmoja, mstaafu wa bandari, anayekaa ghorofa moja na fleti yangu. Hakutaja sheria yoyote.

"Mwanangu," alisema, "mimi nakaa na wajukuu wa kike. Usiku wa manane nikisikia kelele ukutani, nitajuaje ni nani yuko upande wa pili? Wewe unamjua?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilikuwa nikijua jina la aliyelipa na namba yake ya simu. Aliyekuja naye, sikumjua. Hivyo ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa wote wenye kazi hii, na mzee aliuona upungufu wake kuliko sisi tuliokuwa ndani yake.

Nikamwambia, "Mzee wangu, nipeni muda. Nikirudi nitakuwa na majina."

Nilizunguka ofisi kwa muda mrefu, nikisaidiwa na kijana wa saiba karibu na Mackinnon Market, Marikiti yetu, ambaye alinijazia fomu kwa subira ya mtoto wa kuzaa. Yanayohitaji kujulikana ni haya. Kaunti inataka kibali chake na cheti cha zimamoto, na wa zimamoto watakuja kuona mtungi wa kuzima moto uko wapi na gesi ya kupikia imewekwa wapi. Yangu ilikuwa ndani chini ya sinki, nikaihamishia kwenye roshani. Suala la mwalimu la kubadilisha matumizi nililipeleka kaunti kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi, na nakala nikampelekea mwenyewe mkononi. TRA wanakagua nyumba kabla ya leseni. Mkaguzi aliyekuja kwangu alikuwa mama makini sana: alijaribu kila kufuli, akafungua vyuma vya dirisha kuona kama mtu anaweza kutoka moto ukiwaka, akauliza maji yakikatika tunafanyaje, akataka kuona sanduku la huduma ya kwanza. Nilimpenda kwa ukali wake. Kodi nayo ina njia yake: biashara inayoingiza baina ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo ghafi, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na upo ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaokwenda Mfuko wa Utalii.

Lakini niliyotaka zaidi kuyaeleza ni ya daftari. Nilikuwa nimemwahidi mzee majina, kwa hiyo nikaanza kudai kitambulisho au pasipoti ya kila mtu atakayelala, si ya aliyelipa peke yake. Kijana wa saiba ndiye aliyenishtua. Akaniambia, mama, ukikusanya vitambulisho vya watu wewe sasa ni mtunza data, na biashara za sekta ya ukarimu zimetajwa kwa jina katika kanuni za 2021 za Sheria ya Kulinda Data: ni lazima zijisajili kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo namna gani. Nilidhani ni mzigo mwingine tu wa kuwakamua watu. Ada yake kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000, na cheti hudumu miezi 24. Nikalipa huku nikinung'unika.

Kisha nikasoma, nikaelewa. Sheria ile ya Kulinda Data, ya mwaka 2019, haikuniambia tu niandike. Iliniambia nikishaandika nifunge. Nichukue ninachohitaji tu, nimweleze mgeni kwa nini nakichukua, nisikiache mezani, nisikipige picha kwa simu ya mlinzi ikazunguka, nisimpe yeyote asiyekuwa na haki nacho, na muda wake ukipita nikiharibu. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Nikanunua daftari gumu na kabati la chuma lenye funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa wifi. Mlinzi wa lango akabaki na orodha fupi: majina, namba ya fleti, tarehe ya kuingia na kutoka. Asiye kwenye orodha haingii, hata akisema ni binamu wa mgeni.

Nilirudi kwa wakazi na faili. Niliwasomea kila karatasi, kisha nikawasomea masharti yangu mwenyewe: hakuna kukodisha kwa saa, hakuna sherehe, hakuna mtu kumkodishia mwingine, mgeni wa mgeni huandikwa au hukutana naye nje, na mimi au wifi tunampokea kila mtu ana kwa ana mlangoni. Nikaweka namba yangu ya simu kwenye milango ya majirani wote wa ghorofa ile. Walibishana sana. Mwalimu alitaka kila mkazi awe na haki ya kulifungua daftari, na hapo nilikataa, nikamweleza sheria kama yeye alivyonieleza ya kwake. Mzee wa bandari alimaliza: "Mimi sitaki kuyasoma majina. Nataka yawepo." Nikaruhusiwa kwa majaribio.

Katika kipindi hicho alikuja mtu mlangoni kwetu, suruali imepigwa pasi, kitambulisho kikining'inia shingoni kikiwa kimegeuka upande usio na maandishi. Alisema nina makosa, na kwamba faini yake ni kubwa, lakini tunaweza kusaidiana. Hakutaja ofisi waziwazi nami sitaitaja kwa kubahatisha. Nilimkaribisha ndani akae, nikamletea maji, nikaleta faili. Nikamwomba anionyeshe kosa ni lipi katika karatasi zile, kisha anipe namba ya ankara nilipe kwa eCitizen, kwa kuwa pesa za serikali zinalipwa huko. Alizipekua karatasi polepole. Akaniuliza mume wangu anafanya kazi wapi. Nikamwambia amelala makaburini. Aliinuka akaaga. Nilitetemeka mpaka magharibi, kwa kuwa najua mwaka mmoja nyuma, nikiwa na deni na bila faili, ningempa alichotaka, na angerudi kila mwezi.

Sasa niseme ya usiku ule. Alikuwa amekuja msichana peke yake, mtulivu, kitambulisho safi, amelipia siku kadhaa. Usiku simu yangu ililia, sauti ya mwanamke mtu mzima, analia, akisema anamtafuta mwanawe, akamtaja jina kamili, akasema anajua yuko Bamburi, anaomba tu nimwambie kama yuko salama kwangu. Mimi ni mama. Baada ya Januari ile, ni mzazi gani Kenya hii asingejibu? Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikakumbuka sheria ya data niliyoisoma. Nikamwambia, "Mama, siwezi kukwambia nani yuko kwangu na nani hayuko. Una hofu, nenda kituo cha polisi, wao wakija na karatasi nitawafungulia kila kitu. Na namba yako nimeiandika."

Nikavaa buibui, nikamwamsha wifi, tukapanda bodaboda mbili kwenda Bamburi. Tulimkuta yule binti yuko macho. Nilimwambia taratibu kuwa kuna mtu anayemtafuta, anasema ni mama yake, na namba ni hii. Aliitazama namba ile akakaa chini sakafuni. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Namba ilikuwa ya dada wa mwanamume aliyemkimbia, mwanamume aliyekuwa ameahidi kumtafuta popote.

Hakunieleza mengi nami sikuuliza. Alama zilikuwa mkononi. Tulilala naye sebuleni, mlinzi akaambiwa asifungue lango kwa yeyote. Asubuhi tulimsindikiza kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia, akaandikisha taarifa, na namba ile niliyoiandika ikaingia kwenye taarifa. Jamaa zake wa upande wa mama walikuja kumchukua. Kabla ya kuondoka aliniomba nimfutie jina lake daftarini. Nikamweleza kwa nini siwezi kwa sasa, na lini litaharibiwa, na nani mwenye funguo. Aliridhika.

Nimewaza sana juu ya jambo hilo. Nisingeandika jina lake, mlinzi asingejua nani aingie na nani asiingie, na nisingekuwa na la kuwapa polisi kama yule mwanamume angefika kwanza. Ningeliandika nikaliacha wazi, ningekuwa nimemfikisha yule mwanamume mlangoni kwa kinywa changu mwenyewe, nikidhani nafanya wema. Watu wa kazi yetu wanalalamika kuwa daftari linawafukuza wageni, na kweli wapo wanaokasirika na kutafuta pengine. Mimi nawaacha waende.

Mkopo wa Sacco uliisha mwaka 2025. Mama mkwe aliishikilia barua ya kumaliza deni kama anayeisoma, ingawa hasomi herufi hizi. Yeye ni wa herufi za Kiarabu. Alisema tu jina la mwanawe, akalifuatisha na dua.

Yapo ninayoyapinga, nami huyasema kila ninapopata mkutano. Kaunti ina tarehe zake, TRA wana zao, kodi ina zake, data ina zake. Mwenye hoteli anaajiri mtu wa kuzifuata. Mjane mwenye fleti moja anazifuata mwenyewe huku chungu kiko motoni. Ofisi ya Kamishna wa Data inajua kutofautisha: mdogo 4,000, wa kati 16,000, mkubwa 40,000. Kama ofisi moja imeweza kupima watu kwa uwezo wao, nyingine zinaweza. Na ziunganishwe. Nikionyesha kitambulisho changu na hati ya nyumba pahala pamoja, pasiwe tena pahala pa nne pa kuonyesha vilevile. Wengi wanaojificha bila leseni si wahalifu. Wamechoka katikati ya njia. Na wanapojificha, wageni wao nao hawaandikwi.

Jengo letu sasa limepitisha kuwa kila fleti ya kukodisha kwa siku iwe na daftari na orodha langoni kama yetu. Aliyeleta hoja ni mzee wa bandari. Wapo wenye fleti wanaokaa mbali na Mombasa waliokataa; wanasema wao wana ufunguo wa namba mlangoni na mgeni anajiingiza mwenyewe, hawahitaji kumwona mtu. Wameandikiwa barua na kamati, na mimi nimo katika kamati. Wametupa jibu la wakili. Tutakutana nao mwezi ujao, na nimeshawaandalia fomu za kila ofisi, zimejazwa hadi pale panapotaka sahihi yao.